Shajara ya mradi: baa ya stenlesi kwa jimu ya nyumbani

Jumamosi: hali ilivyo

Raki, ile fremu ya kuegeshea baa, imesimama, mipira ya sakafuni imetandikwa, sahani za uzito zimepangwa ukutani. Kilichobaki ni baa yenyewe, fito la chuma linalobeba sahani hizo. Ninayotumia kwa sasa ni ya kuazima, ya feleji ya kawaida iliyopakwa zinki, na zinki hiyo imekwisha palepale mikono inaposhika. Ukiitazama kwa karibu unaona kutu imejificha kwenye mifereji ya chale, zile alama za kukatizana zinazokwaruza kiganja ili chuma kisiteleze. Juu ya chale panang'aa, chini yake pana rangi ya udongo mwekundu. Ukimaliza seti, viganja vinanuka chuma na vina vumbi la kahawia.

Chumba chenyewe kina unyevu. Hakina kiyoyozi, mlango unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima, na kuna asubuhi vyuma vinaamka vimetota. Wazo la stenlesi, chuma kinachokinza kutu, limetoka hapo; kung'aa hakunihusu. Nataka chuma nitakachokifuta kwa kitambaa na kwenda zangu kuoga.

Watumiaji ni wawili. Mimi napiga skwati (kuchuchumaa na baa mgongoni), benchi (kuisukuma juu nikiwa nimelala) na dedilifti (kuinyanyua kutoka sakafuni hadi mapajani). Mdogo wangu wa kike anapenda klini (kuirusha baa kutoka sakafuni hadi mabegani) na snachi (hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja), ingawa skwati tunapiga pamoja. Baa itakuwa moja, na anachotaka yeye kwenye baa kinavutana na ninachotaka mimi. Kazi ipo hapo.

Jumapili: chumba kwanza

Hili ni fupi. Baa ya wanaume ya kilo 20 ina urefu wa mita 2.2, ya wanawake ya kilo 15 ina mita 2.01. Kwa zote mbili umbali kati ya vichwa, yaani zile sehemu nene za mwisho zinazoingizwa sahani, ni sentimita 131. Raki yangu kwa nje ni kama sentimita 120, kwa hiyo baa inakaa na nafasi inabaki. Kila upande nina pa kusimama nikiwa nimeshika sahani bila kugonga ukuta. Tumemaliza.

Neno moja kwa anayebanwa na chumba akashawishika kununua baa fupi: apime sehemu ya katikati kabla ya kulipa. Ziko ambazo katikati yake haivuki upana wa raki, na vichwa vinagota kwenye nguzo.

Jumanne usiku: stenlesi inafanya nini hasa

Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni hutengeneza utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi hewa inafika. Mipako ya kawaida haina uwezo huo. Zinki, kromu, oksidi nyeusi, rangi za seramiki, vyote vimelala juu ya feleji. Vikishalika, feleji iko wazi. Na vinaanza kulika kwenye ncha za chale, ambako mikono, mgongo na vikombe vya raki, vile vishikio vinavyoegesha baa, vinasugua kila siku.

Kuna faida ya pili ambayo kwangu ina uzito kuliko ya kwanza. Mpako una unene wake. Unajaza mabonde ya chale na kuviringisha ncha zake, hasa ukipakwa kwa wingi. Mwili wa stenlesi, yaani fito la katikati linaloshikwa, haupakwi kitu, kwa hiyo unachokishika ni chale kama zilivyotoka kwenye mashine. Wapo wanaoipenda feleji tupu kwa sababu hiyohiyo, na malipo yake ni kuipiga brashi na mafuta mfululizo, hasa katika chumba kama changu. Stenlesi inatoa mshiko ule bila utumwa ule.

Ila haishiki kutu kabisa? Inashika. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi hupenya ule utando na kuchimba vishimo vidogo, na jasho lina chumvi. Chaki, ule unga wa kukausha viganja, ikibaki kwenye chale hunyonya jasho na kuliweka palepale. Halafu kuna mwanya kati ya mwili wa baa na ukingo wa kichwa: unyevu unaingia, hewa haizunguki, utando unashindwa kujirudisha. Mtu akisema stenlesi haihitaji matunzo, muulize baa yake ina umri gani.

Alhamisi: kwa fundi mkerezaji

Nimepita kwa mzee mmoja anayekereza shafti. Nilikwenda na swali la sumaku. Nimekuwa nikisikia kwamba stenlesi ya kweli haishikwi na sumaku, na kuna baa iliyokwishatumika inauzwa kwa jina la stenlesi ambayo sumaku inaing'ang'ania kabisa.

"Hiyo sumaku ya masinki, mwanangu," akasema. "Usinipimie nayo shafti."

Alichonieleza ni hiki. Stenlesi ni ukoo mkubwa. Ile ya masinki na sufuria, inayojulikana kwa namba 304, ina kama asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na nikeli ndiyo inayoupa muundo wake hali ya kutovutwa na sumaku. Lakini ni laini. Ikiwa haijafanyiwa kazi ya ziada, nguvu yake ya kuvutwa, yaani mvuto inaoustahimili kabla ya kukatika, huanzia kama megapaskali 515, na haiongezeki ugumu kwa kupikwa na kuzimwa, yaani kupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla. Unaweza kuikaza kwa kuivuta au kuifua ikiwa baridi, na hapo hata yenyewe huanza kuvutwa na sumaku kidogo. Upande wa pili wa ukoo kuna stenlesi zinazopikwa na kuzimwa zikawa ngumu, kama za visu, na hizo sumaku inazishika barabara. Ile aliyoitengeneza mtaalamu wa metali Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, ilikuwa ya upande huo. Yeye alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Mambo ya uma na visu yalikuja baadaye.

Baa inahitaji ugumu. Kwa hiyo sumaku ikishika, haijathibitisha kwamba muuzaji anadanganya, na isiposhika, haijathibitisha kwamba baa ni nzuri. Nimeitoa sumaku kwenye orodha yangu.

Kinachofaa kukaguliwa, kwa maneno ya mzee, ni kama mwili ni stenlesi mpaka ndani au ni feleji iliyopakwa kromu, maana kwa mbali vinafanana. Akanipa kioo cha kukuzia. Kwenye baa iliyotumika, tazama chale karibu na katikati ambako mgongo unalala. Kromu iliyolika inaonyesha rangi mbili: samawati hafifu inayong'aa pembeni, na kijivu kilichofifia chenye madoa kwenye ncha. Stenlesi ni rangi moja juu mpaka chini, ya kijivu kisicho na usamawati, hata palipokwaruzika. Ile baa ya sumaku ilikuwa na rangi mbili. Nimeiacha.

Jumatatu: namba za nguvu

Matangazo yanapenda namba kubwa. Nguvu ya kuvutwa pauni 190,000 kwa inchi ya mraba, 200,000, na kuendelea. Hiyo 200,000 ni kama megapaskali 1,380. Ni kipimo cha pale chuma kitakapokatika, na baa za nyumbani hazikatiki. Zinapinda zikabaki zimepinda. Linalotawala hilo ni kikomo kingine kilicho chini ya kile, ambacho chuma kikikivuka hakirudi kunyooka. Namba hiyo ndiyo ningependa kuisoma, na ndiyo haitajwi. Tena ugumu ukizidishwa sana chuma kinakuwa chepesi kuvunjika, kwa hiyo mbio za kushindana kwa namba ya kwanza hazinivutii. Yoyote yenye 190,000 na zaidi, kutoka kwa mtengenezaji anayetoa dhamana dhidi ya kupinda, kwangu inapita.

Dhamana yenyewe isomwe mpaka mwisho. Nyingi haziingizi baa iliyoangushwa juu ya vyuma vya usalama vya raki, na hapo ndipo baa nyingi za nyumbani zinapoharibikia: uzito uko pembeni, pigo linapokelewa na vipande viwili vyembamba vya chuma katikati.

Jumatano: kipenyo, na mabishano

Mwili wa baa ya wanaume ya mashindano ya Olimpiki una kipenyo cha milimita 28. Ya wanawake ni 25. Baa nyingi za skwati, benchi na dedilifti ni 29. Mtu anaona milimita moja akacheka. Asicheke: ukakamavu wa fito la mviringo dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka 28 kwenda 29 unaongeza kama asilimia 15. Kutoka 25 kwenda 28 ni kama asilimia 57.

Hapa kuna jambo linalochanganywa sana. Aina ya chuma karibu haina kauli kwenye mneso. Stenlesi na feleji za baa, zikiwa na kipenyo kimoja na uzito mmoja, hunesa kwa kiasi kinachokaribiana mno. Nguvu ya chuma inaamua ni wapi baa itakataa kurudi. Kipenyo ndicho kinachoamua itanesa kiasi gani kabla ya hapo. Kwa hiyo anayesema "stenlesi ni ngumu zaidi, hainesi" amepima kitu kingine.

Mdogo wangu anautaka mneso. Kwenye klini nzito, katikati inatangulia kupanda, sahani zinachelewa kidogo, kisha baa inarudisha ule mkunjo na kumsaidia kusimama. Mimi siutaki. Nikiondoa skwati kwenye raki na kurudi nyuma, sahani zikianza kuchezacheza nje kule, nasubiri zitulie huku uzito uko mgongoni.

"Kaka, wewe unataka reli ya treni," ananiambia. "Mimi vidole vyangu havifiki."

Hilo la vidole ni la kweli. Anaposhika kwa kufungia dole gumba chini ya vidole, 29 inamshinda upesi kuliko uzito wenyewe. Nimempa baa ya 29 ashike, dole gumba likabaki nusu nje. Njia ya kati ni 28.5, ambayo ukakamavu wake unazidi wa 28 kwa kama asilimia 7. Si ya kwake kamili wala si ya kwangu kamili, na wote tumeguna tukakubali.

Jumamosi: chale mkononi

Kuna jimu yenye baa za kila namna, na msimamizi alituruhusu kuzishika zote asubuhi kabla watu hawajajaa. Hakuna picha wala maelezo yanayotosha badala ya hili. Nenda ushike.

Chale hukatwa kwa magurudumu mawili yenye meno yanayokandamiza baa inapozunguka, ikabaki na vialmasi vidogo. Kinachotofautiana ni kina, msongamano na umbo la ncha. Aina ya kwanza ncha yake ni bapa. Unaishika saa nzima bila kulalamika, lakini kwenye dedilifti nzito yenye jasho inaanza kuzunguka mkononi. Ya pili ina ncha kali. Inashika bila chaki, na inachukua ngozi pia. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nirudi kuishika tena: kila almasi imebonyea katikati, ukabaki ukingo wenye vincha kadhaa kuzunguka shimo. Mahali pamoja panashika kwa pointi nyingi, na hakuna hata moja inayochoma. Nilipitisha kidole gumba polepole kutoka sehemu laini hadi kwenye chale. Kwenye ile kali kilinasa ghafla, kwenye hii kilizuiliwa bila kukwaruzika.

Zilikuwepo mbili zenye chale za umbo hilo la tatu, moja ya stenlesi na moja ya kromu. Ya kromu ilihisi kama iliyopakwa nta nyembamba. Sikuhitaji kioo cha kukuzia.

Chale za katikati ni ugomvi mwingine. Mimi nazitaka kwa skwati, zinashika fulana mgongoni. Yeye kwenye klini baa inapokelewa mabegani karibu na shingo, na chale kali za katikati zinamwacha na alama nyekundu juu ya mfupa wa bega. Tulichokubaliana ni baa yenye chale za katikati zilizokatwa kwa kina kidogo kuliko za pembeni. Zipo, ila uulize waziwazi, maana tangazo litasema tu "zipo" au "hazipo".

Alama za pete pia. Ni ile mistari laini inayokatisha chale ili ujue pa kuweka mikono. Za powalifti, mchezo wa skwati, benchi na dedilifti, zimeachana kwa sentimita 81, ambao ndio upana wa mwisho unaoruhusiwa kwenye benchi katika mashindano, ukipimwa kwenye vidole vya shahada. Za Olimpiki ni sentimita 91. Kwa baa ya watu wawili kama sisi, tafuta yenye zote mbili. Hazigharimu kitu cha ziada na zinamaliza kelele.

Jumapili: vichwa

Hapa nilipita haraka. Kichwa kinazunguka juu ya bushi (bomba laini la chuma) au beringi (vipande vinavyobingirika). Beringi ni za anayepiga snachi na klini kwa wingi, kwa sababu sahani zinapaswa kuzunguka huru mikono inapogeuka. Bushi za shaba nyeusi zinazunguka vya kutosha, hazidai chochote zaidi ya tone la mafuta, na hazisumbuki na vumbi. Tumechagua bushi. Mdogo wangu hakupinga. Baa anayoizoea kwingine ni ya bushi.

Vichwa vya stenlesi au vya kromu ngumu? Kromu. Sahani zinakwaruza vichwa kila siku hata viwe vya chuma gani, na hakuna anayevishika kwa mazoezi. Pesa ya stenlesi iende pale mikono inapogusa.

Ijumaa: uamuzi

Mwili wa stenlesi milimita 28.5, kilo 20, chale za umbo la tatu, za katikati hafifu, pete mbilimbili, bushi za shaba nyeusi, vichwa vya kromu ngumu. Imeagizwa.

Kilichokatwa mwishoni ni baa mbili zilizokuwa na stenlesi nzuri sana. Moja ilikuwa ya 29 yenye chale kali. Ningekuwa peke yangu ningeichukua bila kuwaza. Ya pili ilikuwa na namba kubwa ya nguvu kuliko zote, lakini chale zake zilikuwa za ncha bapa. Chuma kisichoshika kutu chenye mshiko wa kuteleza sioni kinafaa nini.

Jumanne: imefika

Imekuja kwenye bomba la karatasi ngumu, imepakwa mafuta mazito ya kiwandani. Nimeyafuta kwa kitambaa na spiriti kidogo, nikasugua chale kwa brashi ya nailoni mpaka kitambaa kikatoka safi.

Ukaguzi nilianza na unyoofu. Nimeilaza kwenye vikombe vya raki bila sahani, nikauzungusha mwili kwa mkono huku nikitazama ncha. Baa iliyopinda ncha yake inapanda na kushuka, hii imetulia. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, nimeiweka kwenye zile pete laini, siyo juu ya chale, kwa sababu chale zinaongeza unene na kukudanganya: 28.5. Vichwa vinasogea kidogo sana kuingia na kutoka, kama inavyotakiwa, na havigongi. Kichwa kimoja kinazunguka kwa muda mfupi kuliko mwenzake. Tone la mafuta kila upande, baada ya seti chache vikalingana.

Dedilifti ya kwanza bila chaki. Baa haikuzunguka mkononi. Skwati, sahani zilicheza kidogo kuliko nilivyoogopa. Mdogo wangu amepiga klini, akaniambia mneso upo "ukiuomba". Dole gumba lake sasa linafunikwa lote.

Mwisho wa mwezi: matunzo

Utaratibu umekuwa mwepesi. Baada ya mazoezi, kitambaa kikavu juu ya chale. Chaki ikijaa, brashi ya nailoni, kisha kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo na kukausha. Brashi ya nyaya za feleji ya kawaida haigusi baa hii: inaacha chembechembe za feleji ndani ya chale, chembe zinashika kutu, halafu mtu anadai stenlesi yake ilikuwa ya uongo. Dawa za kuulia vijidudu zenye klorini nazo ziko mbali, kwa sababu ileile ya kloraidi. Pale kwenye ukingo wa vichwa napitisha kona ya kitambaa na kuacha utando mwembamba wa mafuta.

Mpaka sasa hakuna doa kwenye mwili. Kwenye kichwa cha kushoto kromu imeshapata mikwaruzo ya sahani, kama ilivyotarajiwa.

Kinachosumbua sasa ni vikombe vya raki. Plastiki ya ndani ya kimoja imepasuka na chuma kimeanza kuonekana, na kila ninaporudisha baa naisikia chale ikisaga. Vipya vimeagizwa, hadi vifike nimefunga kipande cha mpira kwa gundi, na skwati inapigwa kwa uangalifu upande ule.